Fainali ya fantasi Jumapili dhidi ya shemeji yangu: karata ya kapteni mara tatu nimpe nani?

FundiSimu_Sabasaba
Alhamisi 22 Mei 2025, saa 3:10 usiku

Wakuu, habari za jioni. Kuna jambo linaninyima usingizi tangu juzi. Pale kijiweni kila ninayemuuliza ana timu anayoishabikia, kwa hiyo jibu lake nalijua kabla hajafungua mdomo. Naomba mawazo ya watu wasionijua.

Ligi yetu ya FPL (fantasi ya Ligi Kuu ya England: unapanga timu yako ya wachezaji wa kweli, wanachofanya uwanjani kinakuletea pointi) ina watu 12 na tunacheza ana kwa ana, kila wiki wawili wawili. Wengi tulicheza pamoja kwenye uwanja wa vumbi kule Chang'ombe, hapa hapa Dodoma. Sasa mmoja yuko wizarani Mtumba, mwingine anaendesha boda Nkuhungu, mwingine ananunua alizeti Singida, na mimi natengeneza simu karibu na soko la Sabasaba. Bila fantasi tungekuwa tunaonana misibani tu. Kila mtu anatoa elfu kumi mwezi wa nane, na msimu ukiisha tunanunua mbuzi na soda. Bingwa anakaa na kikombe cha bati tulichonunua Majengo mwaka 2019, majina ya mabingwa yameandikwa kwa rangi ya kucha. Jina langu halijawahi kuandikwa. La shemeji, mume wa dada yangu, limeandikwa mara mbili. Kikombe kiko juu ya friji yao Ipagala, na kila nikienda kusalimia macho yangu yanaanzia hapo.

Mwaka huu ndiyo mara yangu ya kwanza kufika fainali. Utaratibu wetu ni kwamba wiki 35 za mwanzo mshindi anapata pointi 3, sare pointi 1, kisha nane bora wanaingia mtoano: robo wiki ya 36, nusu wiki ya 37, fainali wiki ya 38. Nilimaliza wa sita, shemeji wa kwanza. Nusu fainali nilipona Jumanne usiku. Nilikuwa nyuma kwa pointi 4, mwenzangu kamaliza wachezaji wote, mimi kabaki Marmoush wa Manchester City peke yake dhidi ya Bournemouth. Mechi ilianza saa 4 usiku, kibanda umiza kimejaa, mimi nimesimama mlangoni. Dakika ya 14 akaachia shuti la mbali, likaingia. Nilimkumbatia mtu ambaye hadi leo simjui jina.

Sasa Jumapili. Wachezaji tunaofanana na shemeji ni watano: Salah, Mbeumo, Isak, Gvardiol na Milenković. Hao nimewaweka pembeni kwanza. Wangu ambao yeye hana ni Sels golini, Muñoz, Palmer, Bowen, Marmoush na Wissa. Wake ambao mimi sina ni Raya golini, Kerkez, Semenyo, Gakpo, Rice na Haaland.

Karata, yaani zile nguvu za ziada za kutumia mara moja, nimebakiwa na moja, kapteni mara tatu: kawaida pointi za kapteni huhesabiwa mara mbili, kwa karata hii ni mara tatu. Niliitunza nikingoja wiki nzuri zaidi na sasa wiki zimeisha. Yeye amebakiwa na karata ya benchi, ile inayohesabu wachezaji wote 15. Zote mbili zinakufa Jumapili, haziendi msimu ujao, kwa hiyo najua ataitumia yake na yeye anajua nitaitumia yangu.

Mawazo yangu yanagongana hivi. Salah tangu Liverpool wachukue ubingwa kwa kuipiga Tottenham 5-1 tarehe 27 Aprili hajafunga tena. Chelsea kapa, Arsenal kapa, na Jumatatu hii Brighton wamewafunga 3-2 na Salah hajazifumania nyavu. Timu imeshashiba. Naona wanacheza kama watu waliokwishavuna, wanasubiri tu magunia yafungwe. Bowen wa West Ham anakwenda Ipswich walioshuka daraja. Mbeumo anakwenda Wolves ambao Jumanne wamefungwa 4-2 na Crystal Palace, na penati za Brentford ni zake. Palmer wa Chelsea anakwenda Nottingham Forest, pale pana vita: City wana pointi 68, Newcastle, Chelsea na Villa wana 66, Forest 65, na nafasi za Ligi ya Mabingwa ni tano, mbili zimeshachukuliwa na Liverpool na Arsenal. Hao watano wanagombea tatu. Mchezaji anayehitaji kushinda na mchezaji anayesubiri kupigwa picha na kombe si sawa, au mimi nakosea?

Shemeji msimu mzima kapteni wake ni Salah, mara chache sana humpa Haaland. Safari hii sijui. Nimemuuliza dada mara mbili kama amemwona akishika simu, amekataa kuniambia, na yuko sahihi.

Kwa hiyo: mara tatu nimpe Salah naye akiwa wa wote wawili, au nimpe mtu ambaye shemeji hana?

---

MzeeWaKibaigwa
Alhamisi 22 Mei 2025, saa 3:42 usiku

Kijana, mpe Salah ulale. Mabao 28 na asisti 18 msimu mmoja, halafu unamuuliza nani? Anfield nyumbani, siku ya kukabidhiwa kombe, familia zao uwanjani. Palace wamechukua Kombe la FA Jumamosi kwa kuifunga City 1-0, Jumanne wamecheza tena, watakuja miguu imechoka na roho imetulia. Na kitu kingine: 28 na 18 ni 46. Rekodi ya mabao na asisti kwa msimu wa Ligi Kuu ni 47, ya Shearer na Andy Cole, na wao walicheza enzi za mechi 42. Salah amebakiza moja kuwafikia. Mtu wa namna ile unadhani hajui?

Mimi nanunua mahindi sokoni hapa. Gunia linalojulikana uzito hulifungui kila siku kuangalia ndani.

---

MwalimuWaBahi
Alhamisi 22 Mei 2025, saa 4:25 usiku

Fundi, hongera kufika fainali. Nafundisha hesabu, niruhusu niende polepole, maana umeunganisha maswali mawili ambayo hayafanani.

Swali la kwanza: nani atapata pointi nyingi? Tuseme Salah anapata 10, yaani bao moja (5), asisti moja (3) na dakika zake (2). Bowen tuseme anapata 7, bao na dakika. Ukimpa Salah mara tatu unapata 30 na 7, jumla 37. Ukimpa Bowen unapata 10 na 21, jumla 31. Tofauti ni 6. Sasa angalia: popote shemeji atakapoweka kapteni wake, hiyo 6 haibadiliki. Pointi zake ziko upande wake wa mizani, zako upande wako. Watu wengi wanadhani kumpa kapteni mchezaji mnayefanana ni kupoteza karata, si kweli. Yeye akimpa Salah mara mbili na wewe mara tatu, kila pointi ya Salah inakuletea faida ya moja. Asipompa, kila pointi ya Salah inakuletea faida ya mbili.

Swali la pili ni la hatari. Hapo ndipo shemeji anaingia. Chukua amempa Salah, wewe umempa Bowen. Salah akifunga mawili, tuseme pointi 12, yeye ana 24, wewe 12. Unaanza ukiwa na shimo la 12, na Bowen lazima alifukie peke yake. Lakini Salah akitoka kapa na Bowen akafunga mawili, umeshamaliza fainali kabla ya nusu ya pili. Kwa maneno mengine, kumpa mtu wa peke yako kunatanua matokeo pande zote mbili. Anayefaa kutanua ni yule anayeona ni mnyonge, maana njia ya kawaida itampeleka kufungwa. Aliye juu au aliye sawa hana sababu.

Je, wewe ni mnyonge? Nimewapanga sita wako na sita wake usiku huu kwenye karatasi. Haaland anawazidi wako wote, sikufichi. Lakini Palmer, Bowen, Marmoush na Wissa kwa pamoja ni wazito kuliko Semenyo, Gakpo na Rice. Ulipo mnyonge ni nyuma. Raya wa Arsenal anakwenda kwa Southampton, timu yenye pointi 12 msimu mzima. Kerkez wa Bournemouth yuko nyumbani na Leicester walioshuka, na mshambuliaji wao Vardy ameshaaga, alifunga bao lake la 200 kwenye mechi yake ya 500 Jumapili iliyopita. Hao wawili wana nafasi kubwa ya kutofungwa, na kutofungwa ni pointi 4 kila mmoja.

Na kuna kosa moja umelipanga mwenyewe. Sels wako ni kipa wa Forest, anadaka dhidi ya Palmer wako. Palmer akifunga, Sels amepoteza 4. Milenković, naye wa Forest, hana neno, maana mnaye wote, mkipoteza mnapoteza pamoja. Lakini Sels ni wako peke yako. Kama una usajili wa bure, yaani kubadili mchezaji bila kukatwa pointi, mtoe Sels umlete Raya. Hutapata faida juu ya shemeji, ila utakuwa umemnyang'anya faida yake. Vivyo hivyo Muñoz wa Palace: ukimpa Salah mara tatu, Muñoz yuko upande wa pili wa uwanja uleule. Kerkez angekaa vizuri hapo.

---

DadaZabibu_Hombolo
Ijumaa 23 Mei 2025, saa 1:15 asubuhi

Shikamoo Mwalimu, nimekuelewa vizuri, ila naomba nipingane nawe kidogo kwenye kumfunika shemeji kila mahali. Mwaka jana nilifika fainali ya ligi ya kazini kwetu. Nilimfuata mpinzani wangu mchezaji kwa mchezaji, nikasajili wanne, nikakatwa hiti mbili (adhabu ya usajili wa ziada) za pointi 4. Nikafungwa kwa pointi 5. Wale wanne wote hawakufika hizo 8 nilizolipa. Kwa hiyo Fundi, usajili wa bure tumia, hiti usiguse.

Jambo ambalo hakuna aliyelisema ni Isak. Jumapili hakucheza pale Arsenal, aliumia kinena. Newcastle wanahitaji matokeo nyumbani na Everton, kwa hiyo akiwa mzima watamchezesha, lakini hatutajua kabla. Mechi zote 10 zinaanza pamoja saa 12 jioni kwa saa zetu, dedilaini ya kubadili timu ni saa 10 na nusu, na vikosi vinatoka baada ya hapo. Sasa sikiliza vizuri. Shemeji akitumia karata ya benchi, wachezaji wake wote 15 wanahesabiwa, hakuna wa kuingia badala. Isak asipocheza, yeye anapata sifuri pale. Wewe hujatumia karata ya benchi, kwa hiyo benchi lako litaingiza mtu. Kwa hiyo usimtoe Isak kwa hofu, panga benchi lako vizuri, wa kwanza awe mtu anayeanza kila wiki.

Na hiyo karata ya benchi isikutishe. Mtu mwenye Salah na Haaland pamoja pesa yake yote ya mchezo iko kwa watu wawili. Benchi lake litakuwa la wachezaji wa milioni 4 ambao wengine hata jezi hawavai. Nenda ukaangalie timu yake ya wiki iliyopita, inaonekana.

Makamu wa kapteni naye umfikirie. Salah asipocheza kwa sababu yoyote, mara tatu inahamia kwa makamu. Watu huweka jina lolote pale wanaliacha mwaka mzima.

---

BodaNkuhungu
Ijumaa 23 Mei 2025, saa 6:50 mchana

Mimi ndiye niliyetolewa na shemeji nusu fainali. Ligi ni hiyo hiyo, kikombe ni hicho hicho cha bati.

Sina la kusema kuhusu kapteni kwa sababu wote ni wenzangu na nataka fainali iwe ya haki. Nataka tu kukumbusha saa. Aprili, baada ya Uingereza kusogeza saa zao mbele, dedilaini za Jumamosi zilirudi saa 7 mchana badala ya saa 8. Mwenzetu wa Singida alikuwa kwenye basi anajua ana saa nzima, kumbe zimeshafungwa, majeruhi wawili ndani na kapteni hachezi. Jumapili ni saa 10:30 jioni. Usingoje mpaka 10:25, mtandao wa Ipagala jioni unaujua.

---

FundiSimu_Sabasaba
Ijumaa 23 Mei 2025, saa 2:30 usiku

Nawashukuru sana, kweli. Leo nimefungua simu za watu sita mezani na katikati ya kila moja nilikuwa nasoma hapa.

Dada Zabibu, nimefanya ulivyosema, nimelifungua benchi la shemeji la wiki iliyopita. Kipa wa akiba hajadaka mechi hata moja mwezi huu. Mabeki wawili, mmoja aliingia dakika za mwisho, mwingine hakucheza. Mshambuliaji wa tatu hakuwepo hata benchi la timu yake. Ana usajili, anaweza kurekebisha mmoja au wawili, lakini si wanne. Nilikuwa naiogopa ile karata kuliko kitu chochote.

Mwalimu, ule mfano wa 37 na 31 nimeuandika kwenye kisanduku cha skrubu. Nilikuwa nafikiri kama Salah tunaye wote basi hana maana kwangu, kumbe mara tatu yangu na mara mbili yake si kitu kimoja. Ninao usajili wa bure mara mbili na milioni 0.9 benki. Raya anaingia, hilo limekwisha.

Kwa Mzee wa Kibaigwa, shikamoo. Ile 46 na 47 sikuijua. Nimebaki naitazama. Nilikuwa naona timu iliyoshiba, sikuona kwamba ndani ya timu iliyoshiba kuna mmoja ana njaa yake binafsi.

Bado naulizia jambo moja: kama shemeji amempa Haaland safari hii, je, nibadilike? City wanahitaji pointi moja tu pale Fulham.

---

MwalimuWaBahi
Ijumaa 23 Mei 2025, saa 3:05 usiku

Hapana. Rudi kwenye swali la kwanza. Akimpa Haaland, wewe Salah wako anakuwa mara tatu na wake mara moja. Hiyo ndiyo hali nzuri kuliko zote kwako, maana amekuachia mchezaji bora wa msimu bila kujilinda. Na Marmoush wako anacheza upande huo huo wa Haaland. Bao la Haaland likitoka mguuni kwa Marmoush, nawe una asisti.

Ukipata wasiwasi Jumapili mchana, usifungue simu. Nenda kamsalimie mtu.

---

FundiSimu_Sabasaba
Jumapili 25 Mei 2025, saa 10:08 jioni

Nimeshathibitisha. Niko Ipagala tayari, mbuzi yuko jikoni tangu saa 6, watu tisa wamefika, wa Singida yuko njiani.

Sels ametoka, Raya ameingia. Usajili wa pili sijautumia. Mwalimu utanisamehe, Muñoz nimemwacha. Najua yuko upande wa pili wa Salah, najua Kerkez ana Leicester. Lakini huyu beki amenibeba tangu Januari, wiki nilizokuwa nafungwa yeye alikuwa anafunga na kutoa asisti kutoka nyuma, na siwezi kumtoa siku ya mwisho. Nikifungwa kwa ajili yake nitakubali.

Isak yumo. Benchi la kwanza ni Aït-Nouri wa Wolves, anaanza kila wiki. Makamu ni Bowen. Kapteni mara tatu ni Salah.

Nimeangalia mara tatu kama imeandika imehifadhiwa, na nimepiga picha ya skrini.

---

FundiSimu_Sabasaba
Jumapili 25 Mei 2025, saa 11:20 jioni

Timu zimefunguka. Shemeji ametumia karata ya benchi, amerekebisha mchezaji mmoja tu. Kapteni wake ni Haaland.

Ameniuliza kwa nini Muñoz, nikamwambia. Akanyamaza kidogo, akasema hata yeye Gakpo alitaka kumtoa akashindwa. Dada amekitoa kikombe juu ya friji, amekifuta, amekiweka mezani katikati ya sahani, na chupa ya rangi ya kucha pembeni. Dakika arobaini zimebaki.